Mtu Asiyepewa Moto

Landi za Reli, Nakuru
10 Februari 1958

Dada yangu Chepkorir,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nalisalimu goti lako, maana najua ndilo linaloamua kama leo utatembea au utakaa. Sisi hatujambo. Mke wangu Chepkemei amepanda sukuma nyuma ya nyumba ya reli, jambo ambalo limekatazwa, lakini stesheni masta mwenyewe huja kununua kwa hiyo anajifanya haoni. Mimi bado niko getini kwenye ghala la mizigo, mabehewa yanaingia, mabehewa yanatoka. Mwambie mkamwana wako Chelangat kwamba nilimwona mumewe stesheni mwisho wa mwezi, ametoka machimboni Kariandusi mweupe kichwa hadi miguu, nikadhani ni gunia la unga linatembea. Yuko salama na anakula vizuri.

Sasa sikia habari kubwa. Nimechaguliwa kuwa mmoja wa wazee watatu wa kumshauri jaji wa Korti Kuu atakapokuja Nakuru mwezi wa tatu. Mzungu akishtakiwa, Wazungu wenzake kumi na wawili ndio huamua. Sisi wengine hupewa wazee watatu. Tunasikiliza maneno yote, mwishoni jaji anatuuliza kila mmoja, "Unaonaje?" Tunajibu. Halazimiki kutufuata, lakini lazima aulize. Mimi, kijana wa Mosonik niliyekuwa nikichunga mbuzi wa Mzungu, leo Mzungu ataniuliza naonaje.

Na kesi yenyewe ni ya huko kwenu. Ni ya Kiplangat arap Bor, kwa kumchoma mzee arap Tonui ndani ya nyumba yake kabla ya Krismasi. Akipatikana na hatia atanyongwa. Karani ameniambia polisi walimkuta na kiberiti mfukoni. Nani huko Keringet anatembea na kiberiti, wakati kila nyumba huomba kaa la moto kwa jirani? Kwanza ilikuwa ghala lako la mahindi, miaka saba sasa. Kisha kibanda cha ndama cha Jeruto. Sasa ni mzee wa watu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nitakuandikia yote. Nibusie mjukuu.

Ndugu yako,
Kiprugut


Keringet, kupitia Molo
28 Februari 1958

Ndugu yangu Kiprugut,

Salamu zako zimefika, goti limezipokea na halijabadilika. Barua hii anaiandika Chelangat kama kawaida, kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni, mimi nasema kwa kwetu naye anageuza. Kwa hiyo ukiona neno la adabu ujue ni lake.

Mvua bado. Pareto imeanza kuchoka na nyapara anapita kila asubuhi akituhesabu kama mbuzi. Ng'ombe wangu mwekundu amezaa dume, bahati mbaya. Mtoto amefikisha mwaka na ameota meno manne. Unakumbuka siku aliyozaliwa tulivyotaja majina ya wazee wote wa ukoo na hakupiga chafya, mpaka tulipotaja jina la marehemu mume wangu Kemboi, akapiga chafya mbili mfululizo? Basi amekuwa Kemboi kweli. Anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, na ukimnyang'anya kitu hukutazama vile vile. Chelangat humwita "baba mkwe" nasi hucheka. Watu hupita kumsalimu kwa heshima, wanasema mtu mwema amerudi.

Nimesikia habari ya kuchaguliwa kwako. Kwani mtu akichaguliwa hawezi kukataa? Nauliza tu. Kazi ya reli ni nyingi, ungeweza kuwaambia hivyo.

Juu ya Kiplangat mimi sina neno. Polisi walipokuja kuniuliza habari za ghala niliwaambia siku ile nilikuwa kisimani, na ni kweli nilikuwa kisimani. Mke wake anaishi sasa peke yake na watoto watatu na hakuna mtu anayeingia kwake.

Msalimie Chepkemei, na mwambie apunguze sukuma asije akafukuzisha watu.

Dada yako,
Chepkorir


Landi za Reli, Nakuru
16 Machi 1958

Dada yangu,

Hatujambo. Chepkemei alikuwa na mafua, yamepona. Dume si bahati mbaya, litavuta plau.

Kesi imeanza na imesimama. Daktari aliyeuangalia mwili wa mzee Tonui amekwenda kwao Ulaya kwa likizo, jaji akasema lazima asikilizwe, kwa hiyo tunangoja mpaka mwezi wa tano. Kiplangat amerudishwa rumande. Amekonda. Aliponiona nimeketi pale juu karibu na jaji alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaangalia miguu yake.

Nikueleze ilivyokuwa. Jaji amevaa nywele za bandia na joho jekundu, na jua la Nakuru unalijua. Mkalimani ni Dalmas, mtu mpole wa huko magharibi, ana sauti ya kuhubiri. Mwanzoni kabisa jaji alituuliza sisi wazee kama kuna anayemfahamu mshtakiwa au watu wa kesi kwa namna ya kumzuia asihukumu kwa haki. Nilinyamaza. Kwetu barazani asiyemjua mtu huambiwa akae nyuma, na anayemjua tangu utoto ndiye huulizwa kwanza. Nikaona nikisema ninamjua, nitakuwa najisifu.

Wakili wa serikali alileta kiberiti, kiko kwenye bahasha. Akaleta ugomvi wa Kiplangat na mzee Tonui juu ya ua wa shamba la pareto. Kisha akataka kuleta habari za ghala lako na za kibanda cha Jeruto. Hapo wakili wa Kiplangat, Mhindi mmoja mfupi, aliruka kama aliyekanyaga siafu. Tukatolewa nje sisi wazee, tukakaa chini ya ukuta nusu saa. Tuliporudishwa, nyapara wenu aliitwa, akasema ghala la Kemboi liliwaka mchana, watu wote wakiwa shambani, moto ulianzia kwenye ukingo wa paa kwa nyuma, na Kemboi alimwona Kiplangat akiruka ua. Jeruto naye akasema kibanda chake kiliwaka mchana, kwa nyuma, baada ya kugombana na mke wa Kiplangat. Aliulizwa kama alimwona. Akasema hakumwona, lakini nani mwingine?

Nikamwona mzee mwenzangu mmoja, mtu wa Londiani, anatikisa kichwa kwa kukubali, na mimi nikatikisa.

Hapo jaji akaweka kalamu chini akatugeukia. Alisema polepole, na Dalmas akageuza polepole. Nimeyashika karibu yote:

"Wazee, sikilizeni sana. Mtu huyu hakushtakiwa kwa moto wa ghala wala wa kibanda. Hamkuja hapa kuamua kama ni mtu mbaya. Msiseme, alichoma zamani, basi na hii ni yeye. Kwanza jiulizeni, je, ni kweli alichoma huko nyuma? Mkiwa na shaka, mtupe maneno hayo nje, muwe kama hamkuyasikia. Mkiwa na hakika, bado jiulizeni kama moto ule unafanana na huu kiasi cha kuonyesha mkono mmoja. Kama unaonyesha tu kwamba ni mtu wa tabia fulani, basi haufai kumfunga wala kumnyonga."

Akasema pia tusizungumze kesi na mtu yeyote huko nje. Kwa hiyo sizungumzi kesi na wewe. Nakueleza tu habari za jaji.

Lakini dada, nimerudi nyumbani sijielewi. Huko kwetu neno la kwanza la baraza ni, "Amewahi kufanya nini?" Ndilo la kwanza! Na huyu anasema hilo ndilo la kuweka pembeni. Nimesikia, halafu niwe kama sikusikia. Nilimuuliza Dalmas kama Wazungu huweza kufanya hivyo. Alisema hata wao huwapa shida, ndiyo maana jaji hurudia.

Nina swali dogo ambalo si la kesi, ni la ghala lako tu. Siku ile ulipotoka kisimani ulikuta nini?

Kiprugut


Keringet
9 Aprili 1958

Ndugu yangu,

Mvua imekuja yote kwa siku moja. Daraja la chini limekwenda na maji na lori la pareto lililala upande huu siku tatu, dereva tukamlisha sisi. Ng'ombe anatoa maziwa mengi, tumejaza vibuyu. Chelangat ana kikohozi. Kemboi ameanza kusimama, sasa hivi amelala mapajani mwangu nikisema maneno haya.

Umeuliza habari za ghala. Lilikuwa ghala zuri, lilijaa magunia kumi na moja. Liliungua. Nilipotoka kisimani nilikuta limeungua.

Mbona unauliza mambo ya zamani? Maji yakimwagika hayazoleki.

Jeruto anakusalimu. Amefurahi kwamba ulimwona kortini akiwa na viatu.

Dada yako,
Chepkorir


Landi za Reli, Nakuru
22 Aprili 1958

Chepkorir,

Poleni na daraja. Chelangat achemshe majani ya mkaratusi avute mvuke. Hapa tuko wazima, ila mimi usingizi umenipungua na Chepkemei ananiambia nikamwombe jaji anirudishie.

Wewe ni mkubwa wangu na mimi sijawahi kukulazimisha neno. Lakini nakujua. Ukiwa na jambo la kusema husema mara tatu, ukiwa nalo la kuficha hutaja magunia. Nilikuuliza ulikuta nini, ukanijibu lilijaa kiasi gani.

Nitakwambia kinachonisumbua. Ni kile kiberiti. Wakili wa Kiplangat alimuuliza nyapara kama watu wa huko humpa Kiplangat moto. Nyapara akacheka akasema, "Nani atampa?" Wakili akaketi. Watu kortini walicheka pia. Mimi sikucheka. Niliona kama mtu amenishika bega. Kama tangu mwaka wa hamsini na moja hakuna nyumba inayompa kaa, atapikaje uji wa watoto bila kubeba kiberiti?

Jaji alisema tuanze na hili: je, ni kweli alichoma huko nyuma? Nimekaa getini wiki tano nikijiuliza, na nimegundua kwamba sijui. Nilisema najua kwa sababu Kemboi alisema. Kemboi alikuwa mtu wa kweli, shemeji yangu, mtu aliyesamehe mbele ya baraza zima. Kiplangat alipotaka kiapo, kile kinachomrudia mwongo na nyumba yake, Kemboi ndiye aliyekataa kisiletwe. Alisema, "Huyu ni jirani, tumwache." Wazee wakamsifu sana. Nilikuwapo, nilikuwa likizo.

Kwa nini alikataa kiapo, dada? Mtu aliyeunguliwa na magunia kumi na moja?

Tarehe kumi na tisa Mei tunarudi kortini. Nitaulizwa naonaje, na neno langu linaweza kuwa kamba ya mtu.

Kiprugut


Keringet
6 Mei 1958

Kiprugut,

Leo naandika mwenyewe. Mwinjilisti alinifundisha herufi ili nisome Injili. Mkono ni mzito. Chelangat amekwenda kwao na mtoto kwa siku mbili. Barua za nyuma ziliandikwa na yeye, na mtoto wake ndiye Kemboi. Ningesema vipi?

Nyuki walikuwa wameingia kwenye paa la ghala, ukingoni kwa nyuma. Kemboi alitaka asali. Nilimwambia angoje jioni baridi ije. Alikuwa amekunywa. Nilikwenda kisimani. Nikiwa njiani kurudi nilimwona juu ya ngazi na ganda la mti wa mtarakwa linalotoa moshi wa kufukuza nyuki. Nikaona nyasi za paa zinashika moto. Akaruka akakimbia na mimi nikatupa maji niliyobeba, hayakutosha hata kuzima mlango.

Watu walipofika kutoka kwenye pareto alikuwa na aibu. Magunia kumi na moja, chakula cha mwaka, kwa ajili ya asali! Wiki ile alikuwa amegombana na Kiplangat kwa sababu ya mbuzi. Akasema, "Nimemwona Kiplangat anaruka ua." Nadhani alisema bila kufikiri. Baadaye hakuweza kulirudisha. Aliogopa kiapo kwa sababu kingerudi nyumbani kwetu. Mkamsifu. Alikuwa akitoka nje mkimsifu, anakwenda kutapika.

Kabla ya kufa alinishika mkono akasema jina la Kiplangat. Nilijua. Nikamwambia, lala.

Kisha mtoto akapiga chafya kwa jina lake. Nikisema mume wangu alikuwa mwongo, nitakuwa nimemsema mtoto. Atakua akibeba jina ambalo bibi yake amelichafua. Hiyo ndiyo sababu yangu, na si ndogo.

Sasa na wewe. Umeandika kwamba ulikuwapo barazani. Hukuandika ulichosema. Wazee walitaka alipe kondoo mmoja yaishe. Wewe uliyetoka Nakuru na kofia ya reli ulisimama ukasema, "Kondoo ni kidogo. Mtu anayecheza na moto asipewe moto na nyumba yoyote." Wakapiga makofi. Hilo ndilo limemfuata. Kibanda cha Jeruto kilipoungua walisema ni yeye kwa sababu ya ghala. Mzee Tonui alikuwa mgonjwa, alilala karibu na moto mchana kutwa, paa lake lilikuwa bovu, lakini nalo wakasema ni yeye kwa sababu ya ghala na kibanda. Kiberiti ni cha kwako, Kiprugut.

Unasema jaji aliwaambia mjiulize kwanza kama ni kweli. Kwa miaka saba hakuna aliyeniuliza. Hata wewe hukuniuliza mpaka Mzungu alipouliza.

Usijibu barua hii. Jibu litasomwa na Chelangat.

Chepkorir


Landi za Reli, Nakuru
25 Mei 1958

Dada yangu,

Sasa naweza kujibu kwa kuwa hakuna tena wa kufichwa. Natumaini lori la kutoka Molo lilikufikisha salama na goti halikuvimba. Hukukubali hata kulala kwetu. Chepkemei alikuwa amechinja kuku, tumemla wenyewe kwa huzuni.

Ngoja nikwambie upande wangu, maana ulikaa ukumbini ukinitazama na hukujua kilichokuwa mfukoni mwangu. Barua yako nilikaa nayo siku tano. Mzee wa korti haruhusiwi kuleta maneno ya nje, na mimi ndiye niliyekwenda kuyatafuta, kwa kuwa kwetu mzee asiyekwenda kuuliza ni mzee mvivu. Nikisema, najifunga mwenyewe. Nikaamua nitanyamaza, na jaji akiniuliza nitasema tu Kiplangat hana hatia, bila sababu. Niliona nimepata njia ya ujanja. Nitamwokoa mtu na kofia yangu itabaki kichwani.

Halafu nikainua macho nikakuona kwenye benchi la mashahidi na kikapu chako, karibu na mwinjilisti. Kumbe ulikuwa umekwenda kwa yule Mhindi siku moja kabla, ukapanda treni ya Molo bila kuniambia. Wewe ambaye husema treni ni nyoka.

Wakili alipotaja jina lako nilisimama kabla hujafika kizimbani. Dalmas alinishika kanzu kunikalisha. Nilisema, "Bwana Jaji, huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Na ghala lile ni la shemeji yangu. Na mimi ndiye niliyesema mtu huyu asipewe moto."

Nilimwona Kiplangat anainua kichwa. Alikuwa akingoja mtu aseme neno hilo tangu mwezi wa tatu.

Jaji hakupiga kelele. Aliniuliza kwa nini sikusema alipouliza mara ya kwanza. Nikamwambia kwetu anayemjua mtu ndiye humwamua. Akasema, "Hapa umejifunza kwa nini si hivyo." Akaniondoa, akaamuru kesi iendelee na wazee wawili waliobaki. Jina langu limefutwa kwenye orodha. Wakubwa wa reli wamesikia. Vijana wa ghala la mizigo sasa wananiita Bwana Jaji, ninawajibu kwa matusi madogo.

Nilikusikiliza nikiwa nje ya dirisha, kwenye jua, pamoja na walinzi. Ulisema yote, hata habari ya asali. Wakili wa serikali alipokuuliza kama unamsingizia marehemu ili kumsaidia jirani, ulisema, "Marehemu ni mume wangu. Jirani si kitu kwangu." Hapo hata yeye aliketi.

Uliondoka kabla ya mwisho kwa ajili ya treni, basi nikueleze. Daktari alisema mwili hauwezi kumwonyesha aliyewasha moto. Kisha jaji akawageukia wale wazee wawili akarudia maneno yale yale, safari hii yakiwa na nyama. Aliwaambia watoe ghala, kwa sababu sasa inaonekana hakulichoma. Watoe na kibanda, kwa sababu watu waliliamini la kibanda kutokana na ghala. Na kiberiti wakitazame tena, kwa sababu mtu aliyenyimwa moto hubeba wake. "Kinachobaki," akasema, "ni ugomvi wa ua na mzee mgonjwa aliyelala karibu na moto. Mnaonaje?" Mzee wa pili akasema hana hatia. Yule wa Londiani akasema, bado anaona ni yeye, tabia yake inajulikana. Nilimsikia nikaona aibu, kwa sababu ilikuwa sauti yangu ya mwezi wa pili. Jaji akamwachilia Kiplangat saa nane mchana.

Alipita karibu yangu mlangoni. Nilimwita. Hakusimama.

Nisamehe nilivyokuwa nikikuuliza kama askari.

Ndugu yako,
Kiprugut


Keringet
29 Juni 1958

Ndugu yangu Kiprugut,

Ukiona mistari imenyooka ujue Chelangat ameshika kalamu tena. Tumeanza leo. Wiki tano tangu nirudi hakuniandikia, wala hakuniambia neno zaidi ya "chakula kiko tayari." Mume wake alikuja kutoka Kariandusi, akasikia, akarudi siku ile ile bila kulala. Pale kanisani wengine wamebadili benchi. Wanasema mwanamke aliyemtoa mumewe kaburini atashindwaje kumsema mtu aliye hai. Watu waliokuwa wakija kumsalimu mtoto kwa heshima sasa hupita njia ya juu. Mimi nilijua itakuwa hivyo. Iliniuma hata hivyo, na usiku mmoja nililia mpaka goti likasahaulika.

Sisi wengine ni wazima. Dume limeanza kula majani. Pareto imenunuliwa vibaya mwaka huu.

Unataka kujua habari za Kiplangat. Alirudi kwa miguu kutoka Molo. Nyapara alimrudishia kazi, kwa kuwa Mzungu wa shamba alisema barua ya korti ni barua ya korti. Lakini watu hawaachi mazoea kwa sababu ya karatasi. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyempa moto.

Jana ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa jikoni, nikasikia mbwa. Kiplangat alikuwa amesimama nje ya ua wetu, amelowa, kiberiti chake amekishika mkononi kimekuwa uji. Hakuita. Alisimama tu, kama mtu anayengoja lori. Wanawake wa pareto walikuwa wamejikinga chini ya mti wa upande wa pili, wakawa wananyamazishana.

Nilichukua kigae nikainama kwenye moto. Kaa la kwanza lilianguka, la pili likaanguka. Sikuweza, Kiprugut. Nilikuwa nikimwona Kemboi juu ya ngazi.

Chelangat alitoka chumbani na mtoto mgongoni. Alininyang'anya kigae, akachota makaa mekundu matatu, akafunika kwa majivu, akatoka nayo mvuani. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alifungua ua akampa kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti, na wale wanawake walisikia:

"Chukua. Huu ni moto wa nyumba ya Kemboi."

Kiplangat alipokea kwa mikono miwili. Mtoto alinyoosha ule mkono wake wa kushoto juu ya bega la mama yake akakishika kidole cha Kiplangat, naye akangoja mpaka mtoto alipokiachia. Alikwenda polepole, ameinama juu ya kigae ili mvua isikiingie.

Chelangat alirudi ndani akajifuta uso, akaniuliza kama nina barua ya kuandika. Nikamwambia ninayo.

Neno moja la mwisho. Ukipata likizo uje, lakini usinipe mimi maneno ya kumpelekea Kiplangat. Nenda kwake mwenyewe, na uende asubuhi ukamwombe moto.

Dada yako,
Chepkorir